Waridi la kukwea: lipi kwa lipi, na jirani gani ulipandie

Karibu kila mtu anayetaka waridi la kukwea anaanzia kwenye rangi. Kaona picha mahali, ukuta mzima ni pinki toka chini hadi juu, anasema hilo hilo nalitaka, anapanda, miaka miwili inapita anakuta fimbo mbili tatu zimesimama wima, maua manne yako kule juu karibu na paa, na huku chini miguu mitupu yenye miiba. Waridi halina kosa hapo. Mi mawaridi ya namna hii ndo mapenzi yangu bustanini, nimeyapanda, nimeyahamisha, mengine nimeyang'oa kwa uchungu, na mtu akiniuliza kabla hajachukua mche namwambia aulizie mambo mawili kwanza: hili linachanulia tawi la lini, na linapogolewa lini. Halafu mmea wa kuliweka nalo auchague kwa majibu hayohayo. Rangi ije baadaye. Maana ukuta ni mmoja na udongo ni mmoja, sasa siku unashika mkasi ukakuta waridi linataka kukatwa leo na mmea uliojizungusha juu yake ukiugusa leo umepoteza maua yake ya mwaka mzima, unafanyaje?

Jina lenyewe linachanganya watu kwa sababu limebeba vitu viwili tofauti. Kuna klaimba na kuna rambla. Klaimba ina matawi mazito, magumu kidogo kupinda, maua makubwa, na nyingi za siku hizi zinarudia, yaani linakuja wimbi la kwanza la maua, mmea unapumzika wiki kadhaa, wimbi lingine linakuja. Rambla matawi yake ni marefu laini yanapindika kama kamba, maua madogo madogo kwenye vishada, na siku zake zikifika huoni jani, ni maua tu, ila nyingi ni mara moja kwa mwaka basi, na yanatoka kwenye matawi yaliyoota mwaka uliopita. Hapo ndo watu wanapoumia. Mtu anasafisha bustani kabla ya msimu, anakata kila fimbo ndefu iliyokaa ovyo, kumbe ndo amekata maua yote. Rambla inapogolewa ikishamaliza kuchanua, sio kabla. Klaimba unaipogoa ikiwa imelala, mwishoni mwa majira ya baridi, au kama kwako hamna baridi ya maana basi kile kipindi mmea umetulia hauoti sana. Matawi makuu unayaacha kama fremu, vile vitawi vya pembeni vilivyochanua ndo unafupisha vibaki na macho mawili au matatu (vile vivimbe tawi jipya linapochipukia).

Sasa ipi? Kama ni ukuta wa nyumba, nguzo, geti, au pagola ndogo (kile kibanda cha nguzo cha kupandishia mimea), chukua klaimba, usijitese. Rambla inataka nafasi kweli kweli: mti mzee, fensi ndefu, banda unalotaka lisionekane. 'Kiftsgate' kwa mfano inapita mita 10 ikipata mti wa kupanda, na waridi la Lady Banks jeupe lililopandwa mwaka 1885 kule Tombstone, Arizona, mpaka leo liko hai, limetandazwa juu ya fremu kubwa na watu wanakaa kivulini chini yake, lina shina kama la mti. Ukilipeleka hilo kwenye ukuta wa mita tatu utakuwa unapigana nalo maisha yako yote. Ila nisilidharau, Lady Banks ya njano ('Lutea') ndo mojawapo ya mawaridi machache makubwa yasiyo na miiba ya kusumbua, na majani yake huwa hayaugui sana, kwa hiyo penye joto na nafasi kubwa ni zawadi.

Nije kwenye klaimba zenyewe, mbili mbili, maana ndivyo watu wanavyokwama.

'New Dawn' na 'Pierre de Ronsard', hizi mbili zinagombaniwa kila mahali na zote zina pinki hafifu, kwa hiyo mtu anadhani ni kitu kilekile. Sio. New Dawn ilitoka Marekani mwaka 1930, ilijitokeza yenyewe kama tawi geni kwenye waridi la zamani zaidi lililoitwa 'Dr. W. Van Fleet', tofauti ni kwamba mama alichanua mara moja na mtoto akawa anarudia, na kitu hicho kilikuwa kipya kiasi kwamba mwaka 1931 ndo mmea wa kwanza kabisa kupewa hataza (patenti) ya mimea Marekani, namba 1. Ina nguvu. Inafika mita 4 hadi 6, majani yake yanang'aa na ni magumu kwa magonjwa, inavumilia kivuli cha nusu siku na udongo usio mzuri. Ubaya wake ni miiba, miiba mingi iliyopinda, usiipande kando ya mlango au njia ya watoto, na ua lenyewe sio kubwa, likizeeka linakuwa karibu jeupe. Pierre de Ronsard ni ya Ufaransa, ya wazalishaji wa mawaridi Meilland, 1985. Ua lake ni zito, la mviringo, limejaa petali, krimu pembeni na pinki katikati, yaani ukilishika mkononi unahisi uzito. Mmea unabaki mita 3 hivi, miiba michache. Lakini ule wingi wa petali una gharama: mvua ikinyesha siku tatu nne mfululizo petali za nje zinashikana kama karatasi iliyolowa, zinakuwa kahawia, na chipukizi linaozea ndani halijafunguka. Na harufu ni ndogo, usilinunue ukitegemea kunusa. Kwa hiyo kwangu jibu sio lipi zuri, ni mvua yako ikoje wakati wa maua. Penye jua na ukavu msimu wa kuchanua, Pierre de Ronsard bila kufikiria mara mbili. Penye mvua za mara kwa mara au ukuta unaopata jua nusu tu, New Dawn.

Wanaotaka harufu na hawataki miiba wanaambiwa 'Zéphirine Drouhin', waridi la mwaka 1868, pinki iliyokolea, mita 3, halina mwiba hata mmoja na harufu yake inakufuata mpaka ndani. Yote hayo ni kweli. Kinachosahaulika kusemwa ni kwamba linaugua. Madoa meusi, ubwiri unga, kila kitu kinalipata, hasa ukilibana kwenye kona isiyopita hewa. Nililipanda kwenye pembe ya kuta mbili kwa sababu nilitaka harufu karibu na dirisha, na kila mwaka katikati ya msimu lilikuwa limebaki na maua juu na shina tupu chini, majani yote ya njano yako ardhini. Nikalihamishia kwenye fensi ya wazi ambako upepo unapita pande zote, halikupona kabisa lakini sasa linashika majani yake miezi mingi. Mwenzake wa kulinganisha ni 'Iceberg' ile ya kukwea, jeupe, miiba michache, harufu ndogo tu ila linachanua karibu bila kukoma. Hili ni toleo la kukwea la kichaka cha Iceberg cha mzalishaji Kordes cha 1958, na mawaridi ya kukwea yaliyotokana na kichaka namna hii usiyakate sana mwaka wa kwanza, yanaweza kurudi kuwa kichaka tena ukashangaa mbona hayapandi. Kwa mtu ambaye ndo anaanza ningempa Iceberg. Zéphirine ni kwa mtu aliye tayari kuokota majani yaliyoanguka kila wiki, na yuko na sehemu yenye hewa.

Mekundu sitakaa sana. 'Don Juan' (1958) lina wekundu wa kiza kama mahameli na harufu nzuri mno, ila linapenda joto na baridi kali inalirudisha nyuma. 'Dublin Bay' (1975) ni jekundu lililo wazi zaidi, harufu kidogo, lakini lina afya na halikui kupita kiasi, zuri kwa nguzo. Na kama ukuta wako haupati jua la kutosha kabisa, tafuta 'Madame Alfred Carrière' ya 1879, jeupe lenye kaharufu na kapinki kwa mbali, hilo ndo huwa linachanua pale mengine yanaponuna. Mengine yote hesabu masaa sita ya jua kwa siku, chini ya hapo unapata majani.

Kabla ya majirani lazima niseme kuhusu kulaza matawi, kwa sababu hata ukichagua vizuri namna gani ukiyaacha wima umepoteza. Waridi halina mikono ya kujishikia kama mmea wa zabibu, ni wewe unalifunga. Na tawi likisimama wima ncha yake inatengeneza homoni inayoteremka chini na kuyanyamazisha macho mengine yote, kwa hiyo maua yanatoka juu tu. Ukililaza, liwe la ubavu au hata pembe ya digrii 45, ule ubabe wa ncha unavunjika. Nakumbuka tawi moja la New Dawn, refu kunizidi, nilililaza kwenye waya taratibu kwa siku mbili tatu likizoea, kila jioni nalishusha kidogo, na wiki mbili baadaye nikaona kwenye kila kiungo kidoti chekundu kimevimba, kama kichwa cha kiberiti, vimejipanga mstari mzima. Kila kimoja kikawa kitawi kifupi kilichosimama, na kila kitawi kikawa na maua. Tawi lilelile mwaka uliotangulia lilitoa kishada kimoja. Nyaya zangu naanza ya kwanza sentimita 45 toka chini, zinazofuata naachanisha 30 hadi 45, na zikae mbali kidogo na ukuta, sentimita tano hivi, hewa ipite nyuma. Kamba iwe laini, ifungwe namba nane, isibane. Kwenye nguzo huwezi kulaza, basi lizungushe kama nyoka, inafanya kazi ileile.

Na shimo lisiwe limegusana na ukuta. Hapo chini ya ukuta ni pakavu, mvua haifiki na matofali yananyonya, panda sentimita 40 hivi mbele halafu uuelekeze mche ukutani. Ile sehemu waridi lilipobebeshwa, kile kinundu, kama kwako kuna baridi ya kugandisha kizike chini ya udongo sentimita chache, kama ni joto kiache juu kidogo. Na kama palikuwa na waridi jingine hapo, badilisha udongo au hama, waridi jipya kwenye udongo wa waridi la zamani mara nyingi linadumaa.

Haya, jirani.

Anayetajwa kwanza siku zote ni klematisi, mmea mwembamba wa kukwea wenye maua, na kwa kweli wale wawili wakipatana hamna kinachowazidi, ila klematisi nazo zina makundi matatu ya kupogoa na hapo ndo ule mtihani wa mkasi unarudi. Kundi la 1 linachanua mapema kwenye matawi ya zamani, haligusi mkasi mpaka limalize, na humo ndani yumo 'montana' ambaye ni mkubwa, atalifunika waridi lote ulisahau. Usimpe waridi montana. Kundi la 2 lina yale maua makubwa kama sahani, yanapogolewa kidogo kidogo kwa uangalifu, yanawezekana lakini ni kazi, utakuwa unachambua uzi mmoja mmoja katikati ya miiba. Kundi la 3 ndo lenyewe. Linachanua kwenye matawi mapya ya mwaka huohuo, kwa hiyo mwishoni mwa baridi, wakati uleule unapogoa klaimba, unalikata lote libaki kama sentimita 30, unavuta vikamba vikavu vyote unatupa, waridi linabaki tupu mbele yako unalifanyia kazi bila kubahatisha. Humo kuna 'Jackmanii', zambarau nzito, ya Uingereza toka 1862, na 'Étoile Violette' ya 1885 ambayo maua ni madogo zaidi lakini mengi. Nikilinganisha hizo mbili kwenye waridi naipenda Étoile Violette, maua ya Jackmanii ni makubwa yanashindana na waridi, haya madogo yanaliacha waridi liongoze. Zambarau yake katikati ya Pierre de Ronsard, ile krimu na ile pinki, aisee.

Sheria zake ni chache. Lipe waridi mwaka mmoja au miwili lishike kwanza, ndo ulete klematisi. Panda sentimita 60 mpaka 90 pembeni, na mche wake uuzamishe chini kidogo kuliko ulivyokuwa kwenye chungu, uuongoze kwa kijiti ulalie kuelekea waridi. Mizizi yake inataka ubaridi na unyevu, weka matandazo au mmea mfupi mbele yake. Inajishika kwa vikonyo vya majani kwa hiyo haiwezi kushika nguzo nene, ila vitawi vya waridi ni saizi yake kabisa. Rambla na kundi la 3 hazipatani vizuri, moja unakata mwishoni mwa baridi na nyingine baada ya maua, kila saa uko na ngazi. Na kama kwako ni joto mwaka mzima klematisi inaweza kunyong'onyea, hapo bora njegere za maua, zile za harufu, unazipanda msimu wenu wa ubaridi, zinapanda juu kidogo, zinakufa, mwakani unapanda tena na waridi halijabanwa (mbegu zake haziliwi, ni sumu, waambie watoto). Jasmini, wisteria, hanisako kubwa kubwa, hapana. Kila mmoja ni mzuri ukutani kwake peke yake.

Chini miguuni mashindano ni kati ya lavenda na nepeta, mimea miwili mifupi ya maua ya buluu ya zambarau. Picha zote zinaonyesha lavenda chini ya waridi na mi nilizifuata, nikapanda sita. Waridi linataka udongo wenye mboji, unaoshika maji, umepewa samadi. Lavenda inataka udongo mwembamba, mkavu, usio na mbolea, wenye chokaa chokaa. Unamwagilia mmoja unamzamisha mwingine. Msimu wa pili zangu tatu zikawa kijivu toka chini, nikang'oa moja, mizizi ilikuwa kahawia na ganda lake likabaki kwenye vidole vyangu kama soksi, ndani uzi mweupe tu. Zile tatu zilizobaki zilikuwa mwisho wa kitanda ambako ni mteremko na maji hayakai, hizo mpaka leo zipo. Basi kama udongo wako ni wa kichanga na unapitisha maji haraka, lavenda inawezekana ukiiweka mbali kidogo na eneo la kumwagilia. Kwa wengine wote chukua nepeta. Inatoa rangi ileile ya buluu ya zambarau, nyuki wanaipenda vilevile, haichagui udongo sana, na ikishachanua wimbi la kwanza unaikata nusu inakuja tena pamoja na wimbi la pili la waridi. Angalia tu aina, 'Six Hills Giant' inaweza kufika sentimita 90 na kulala juu ya wenzake, penye nafasi ndogo tafuta fupi.

Salvia za kudumu kama 'Caradonna' nazo ni nzuri kwa sababu zinasimama wima wakati nepeta inatawanyika, na jeranio ya kweli kama 'Rozanne' inafunika ardhi vizuri (sio ile ya vyungu vya dirishani inayoitwa jeranio pia, hiyo ni pelagonia).

Kuhusu mimea ya kulinda waridi, watu wanauliza sana kati ya kitunguu saumu, marigoldi na alisamu. Kitunguu saumu kipande ukitaka kula, mi sijaona kikizuia vidukari wala madoa meusi. Marigoldi ina dawa kweli kwenye mizizi dhidi ya minyoo fundo (vijinyoo vya udongoni vinavyovimbisha mizizi), ila ni pale unapoipanda imebanana eneo zima kwa msimu mzima, sio miche minne pembeni. Alisamu ndo ningeichagua, ile fupi nyeupe yenye harufu ya asali, kwa sababu vimaua vyake vidogo vinawaita nzi wa maua, wale wanaoelea hewani wanafanana na nyigu, na watoto wao wanakula vidukari. Halafu ni fupi, haizuii hewa. Hilo la hewa usilichukulie poa, madoa meusi yanahitaji jani libaki limelowa masaa saba hivi ndo yaingie, kwa hiyo jirani yeyote umtakaye muache sentimita 40 toka kwenye shina, na maji mwaga chini asubuhi, sio juu ya majani jioni.

Kwa hiyo ningepanga hivi mimi: ukuta wa jua na mvua kidogo, Pierre de Ronsard na Étoile Violette na nepeta chini. Ukuta wa nusu kivuli, New Dawn au Madame Alfred Carrière, klematisi ileile, jeranio chini. Nguzo moja peke yake, Dublin Bay na alisamu, usiongeze kitu, nguzo haina nafasi ya wawili. Mti mzee, rambla bila klematisi yoyote, panda mche mbali na shina la mti, mita moja na zaidi, upande upepo unakotokea ili uusukume kuelekea mtini, uongoze kwa kamba ya mkonge mpaka kwenye tawi la kwanza, umwagilie miaka miwili bila kuchoka maana mizizi ya mti inakunywa kwanza, na ukiona miiba imejishika yenyewe juu kule, kata kamba.